Kompyuta ya 2011 na picha 640 za harusi

Jumamosi moja nilipiga picha za harusi Nguba, mtaa wa Bukavu, kandokando ya Ziwa Kivu. Bwana harusi suti nyeusi tii, bibi harusi gauni jeupe pee, jua la saa nane limewakaa utosini. Nilirudi nyumbani na picha 640 mbichi, yaani NEF, mafaili ya kamera yangu ya Nikon D90 ambayo hayajapikwa kuwa picha ya kawaida. Jumatano mdogo wake bibi harusi akapiga simu: "Yaya, picha zetu bado?" Nilikuwa nimemaliza kuhariri 31, kompyuta yangu kuukuu ilikuwa inajikokota.

Wapo wenzangu hapa Bukavu wanaoniambia nipige JPEG, picha ya kawaida ambayo kamera imeshaipika yenyewe, yaishe. Kwa picha za pasipoti sina ubishi. Lakini JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na NEF ya kamera hii inabeba 4,096. Gauni lililoungua kidogo na jua, au uso uliozama kivulini, utauokolea humo.

Wengine wakasema ninunue kompyuta mpya. Kwa pesa ipi? Yangu ni ThinkPad T420, kompyuta mpakato iliyotoka 2011, nami si mtu wa kwanza kuimiliki. Nilianza kwa kosa: nikanunua diski ya nje na kufungulia picha humohumo kupitia USB 2.0, ile ya zamani ya polepole. Ilikuwa kunywa maji ya pipa kwa mrija. Baadaye nikatoa diski ya zamani ndani ya mashine, nikaweka SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, na RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, nikaitoa GB 4 hadi 8. Vyote viwili havikunifikisha dola 60, na bisibisi nilishika mwenyewe. Kama pesa inatosha kimoja tu, na una GB 4 tayari, anza na SSD. Ila RAM uijaribu palepale dukani kabla hujalipa. Mimi kipande cha kwanza niliuziwa kibovu, na muuzaji akanigeuka.

Hata hivyo, kilichoniokoa zaidi hakikugharimu kitu. Ndani ya kila picha mbichi kamera huficha JPEG yake. Programu nyepesi kama Geeqie inaonyesha hiyo, haisumbuki kupika ile mbichi, kwa hiyo picha zinapita upesi kama karata. Waliofumba macho, waliotafuna, mjomba aliyekatiza mbele ya keki: wote wanaachwa hapo. Kati ya 640, zilizostahili kufunguliwa zilikuwa 140.

Hizo nazipeleka RawTherapee, programu ya kuhariri picha mbichi, ambayo ni ya bure. darktable, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo ni ya bure na ninaipenda, lakini inapumua vizuri ikisaidiwa na kadi ya picha kupitia OpenCL, njia ya kuipa kadi hiyo mahesabu, na kadi ya T420 yangu, Intel HD 3000, haiijui kabisa. Nasahihisha picha moja ya kanisani, nanakili mipangilio yake, naibandika kwa zote za mwanga uleule. Kuondoa chengachenga, vile vidoadoa vya picha za gizani, naacha mwisho kabisa. Ukiiwasha kazi hiyo mapema, kila unachogusa baadaye kinajikokota. Marekebisho yanakaa kwenye kifaili kidogo cha pp3 pembeni ya picha, NEF yenyewe haiguswi.

Kisha zote naziweka kwenye foleni ya RawTherapee, izitoe kuwa JPEG moja baada ya nyingine. Mchana siianzishi, umeme unakatika ovyo na betri yangu haivuki dakika 20. Kwetu unatulia kuanzia saa sita za usiku. Hapo nabonyeza, nafunika kioo kwa kitambaa mwanga usimwamshe mtoto, nalala.