Maswali ya Wasomaji: Mishikio ya Ndani kwa Magari ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalo pikapu aina ya Toyota Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996, ambalo hufanya kazi za shamba na pia humpeleka mama yangu kliniki. Mama ana umri wa miaka 74 na magoti yanamsumbua. Anapotaka kupanda hushika mlango, nao humkimbia, kwa kuwa ule mshikio wa kwenye dashibodi uko mbali na mtu aliyesimama chini. Fundi mmoja amenishauri tuchomelee bomba kwenye nguzo ya mbele ya mlango. Mwingine anasema mshikio wa plastiki uliotolewa kwenye gari bovu, ukifungwa kwa skrubu juu ya mlango, unatosha. Nimsikilize yupi? – Msomaji, Mbulu.

JIBU: Ndugu yetu wa Mbulu, mpe mama shikamoo zetu. Kwa heshima zote kwa mafundi hao wawili, tunakushauri usifuate njia ya yeyote kati yao, ingawa yule wa kwanza amepatia mahali. Nguzo ya mbele, ile iliyosimama kati ya kioo cha mbele na mlango, ndipo mtu anayepanda gari refu anapohitaji kushika. Mshikio wa juu ya mlango humfaa aliyekwisha kuketi, kwa maana humsaidia asiyumbe njiani. Kwa mtu mzima aliyesimama chini, mshikio huo humlazimu kuinua mkono juu ya bega na kujivuta kwa bega hilo hilo, ambalo mara nyingi nalo limechoka kama magoti.

Alipokosea fundi wa kwanza ni kwenye kuchomelea. Nguzo ya gari ni sanduku lenye uwazi ndani, na moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani ambako hakuna brashi inayoweza kufika tena. Kutu huanzia hapo kimyakimya, na utakapoiona kwa nje bati litakuwa limekwisha kuliwa. Aidha, kitambaa cha paa na sponji za dashibodi hushika moto upesi, na nyaya za umeme aghalabu hupita ndani ya nguzo hiyo hiyo. Injini ya 1HZ iliyomo kwenye gari lako ni ya dizeli ya zamani isiyo na kompyuta, kwa hiyo huna hofu ya kuunguza kompyuta, lakini alteneta bado inaweza kuharibika iwapo fundi atachomelea bila kuondoa nyaya za betri.

Kosa la fundi wa pili ni skrubu, na hapa inafaa tueleze kwa kirefu, kwa sababu ndilo kosa tunaloandikiwa mara nyingi zaidi. Bati la bodi ya gari huwa na unene wa karibu milimita 1, pengine pungufu. Bolti ya kawaida ya milimita 6 ina nafasi ya milimita 1 kutoka uzi mmoja hadi mwingine, maana yake ni kwamba ukiifunga moja kwa moja kwenye bati hilo, mzigo wote unabebwa na uzi mmoja tu. Skrubu inayojichongea yenyewe haina hali bora. Siku ya kwanza itashika, na ya pili itashika, lakini kila mama anapojivuta tundu linapanuka kidogo, hadi siku ambayo mshikio utang'oka wakati mguu wake mmoja uko hewani. Mtu akipanda anaweza kutundika nusu ya uzito wake kwenye mkono mmoja, na akiteleza huutundika wote kwa mshtuko. Mshikio usioweza kuhimili mshtuko huo ni afadhali usiwepo, kwa kuwa mzee asiye na mshikio hupanda kwa tahadhari, ilhali mwenye mshikio huuamini.

Njia sahihi huanza kwa kutafuta matundu ya kiwandani. Watengenezaji wengi hutumia bodi moja kwa magari ya bei tofauti, na lile la bei ya chini hunyimwa mishikio ingawa nati zake zimekwisha kuchomelewa kwa ndani tangu kiwandani. Ondoa plastiki inayofunika nguzo, angalia pia vifuniko vidogo vya duara kando ya paa, kisha upapase kwa kidole. Ukizikuta nati hizo, kazi ni kupata mshikio wa gari la aina hiyo hiyo na bolti za kipimo chake. Kwa walio Dar es Salaam vifaa vilivyotumika hupatikana Ilala, na kwa walio Nairobi wajaribu Kirinyaga Road.

Usipozikuta, tengeneza kiegemeo. Chukua kipande cha chuma bapa chenye unene wa milimita 3, kirefu kuliko umbali wa bolti mbili za mshikio, kitobolewe na kuchongwa nyuzi kwa ajili ya bolti za milimita 8, kisha kipitishwe kwenye uwazi uliomo nyuma ya plastiki hadi kikae nyuma ya bati. Bolti zikikazwa, bati linabanwa katikati ya mshikio na chuma hicho, na nguvu ya mkono inasambaa badala ya kuangukia tundu moja. Pale ambapo chuma hakipiti, kuna nati za riveti, ambazo huingizwa kwa nje na kubanwa kwa koleo lake maalumu hadi zivimbe upande wa ndani. Nati ya namna hiyo ya milimita 6 huhitaji tundu la milimita 9 hivi, na tundu likizidi kidogo tu nati itazunguka bure, basi mwambie fundi atoboe kwa hatua. Sisi tunakipendelea kiegemeo kila kinapowezekana. Nati za riveti tunazikubali kwa mshikio wa kujiegemeza, si kwa mshikio wa kupandia, isipokuwa zikiwa nne au zaidi.

Wako mafundi watakaopendekeza kupitisha bolti ndefu kutoka upande mmoja wa nguzo hadi wa pili. Hilo linawezekana, ila ndani lazima kikatwe kipande cha bomba chenye urefu sawa na upana wa nguzo, bolti ipite ndani yake, la sivyo ukikaza nguzo itabonyea kama kopo. Na wako watakaotaka kuazima bolti ya juu ya mkanda wa usalama ili wafunge mshikio hapo. Wakatalie. Bolti hiyo, kwa magari mengi duniani yakiwemo ya Kijapani, ni ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Haioani na nati za milimita zilizojaa madukani, na anayeilazimisha huharibu nyuzi za mkanda bila kujua.

Kabla ya keekee kugusa bati, ondoa waya hasi wa betri, hakikisha nyaya za ndani ya nguzo zimesogezwa, na ufunge kipande cha mpira kwenye ncha ya keekee ili isizame zaidi ya sentimita 1. Kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Chagua bolti zenye alama ya 8.8 kichwani, yaani za chuma cha nguvu. Bomba la mshikio liwe na kipenyo cha milimita 30 hivi, libaki sentimita 4 kutoka kwenye nguzo ili vidole vyenye pete au uvimbe vipite, na livikwe mpira, kwa sababu chuma kitupu karibu na kichwa cha abiria ni hatari gari likigonga.

Juu ya urefu wa kuuweka, usipime kwa futi. Mwite mama, mlango uwe wazi, mwambie apande kama kawaida huku wewe umemshikilia kwa nyuma, na ubandike utepe wa karatasi wenye gundi pale mkono wake unapokwenda wenyewe. Kisha funga mlango uone kama kuna kinachogusa. Ukipata fedha zaidi, weka na kidaraja cha pembeni, kwa maana mshikio hupunguza kazi ya mkono tu, na magoti ndiyo yanayolalamika.

SWALI: Tunaendesha Land Rover Defender 110 ya kitalii yenye paa la kuinuka. Wageni wanaposimama kutazama wanyama hushika kingo za paa. Je, tunaweza kufunga mishikio kwenye bati la paa? – Msomaji, Karatu.

JIBU: Kwenye bati lenyewe, hapana. Bodi ya gari hilo kwa sehemu kubwa ni mabati ya alumini, ambayo ni laini, na bolti ya chuma ikigusana na alumini mahali penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa na kugeuka unga mweupe. Funga mishikio yenu kwenye fremu ya chuma inayozunguka uwazi wa paa, maana ndiyo yenye nguvu. Pale ambapo chuma na alumini haviepukiki kukutana, tenganisheni kwa washa za nailoni na rangi. Tumieni nati zenye pete ya nailoni ndani, kwa sababu barabara za hifadhini zenye vituta vidogo vidogo hulegeza nati ya kawaida katika safari chache, na dereva azikague kila gari linapooshwa.

SWALI: Nina Suzuki Maruti ya turubai. Watoto wanaokaa nyuma hawana pa kushika. Sitaki kutoboa chochote. – Msomaji, Voi.

JIBU: Huna haja ya kutoboa. Mpelekee fundi wa viti utepe wa nailoni wa aina ya mkanda wa usalama, akushonee vitanzi vinavyozungushwa kwenye mabomba ya turubai na kubanwa kwa bizimu. Zingatia mambo mawili. Mabomba hayo yaliwekwa ili kubeba turubai, kwa hiyo kwanza yatikise uone kama bolti zake za chini zimekaza, na uwakataze watoto kuning'inia. Pili, kitanzi kiwe kidogo kiasi cha kuingia mkono tu, kichwa cha mtoto kisiweze kupita. Mikanda ya kiunoni ikiwa imetolewa, irudishe kwanza, kabla hujashona kitanzi hata kimoja.