Nyuzi za plastiki kwenye zege: wapi zinasaidia, wapi usizitegemee

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, la kuanikia dagaa huko Igombe, mita 10 kwa 6, kwa kuchanganya zege na chupa za maji zilizokatwakatwa pamoja na vipande vya nyavu chakavu, ili ukwepe gharama ya nondo na jamvi lisipasuke. Kazi ya zege ndiyo inayonilisha hapa Mwanza, na majamvi yenye nyuzi za plastiki nimeyamwaga na nimeyaona yakitumika. Kwa kifupi: nyuzi za dukani ndiyo, chupa hapana, na nondo zibaki kila sehemu inayobeba mzigo ikiwa hewani.

Zege likibanwa ni gumu kweli, lakini likivutwa ni dhaifu. Uwezo wake wa kuhimili kuvutwa ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya ule wa kubanwa, ndiyo maana hukatika ghafla bila dalili. Nyuzi hazilifanyi libebe zaidi. Kazi yake inaanza pale ufa unapotaka kufunguka: zinaushika huku na huku, na ili ufa upanuke lazima uzing'oe moja moja. Wazee wa Usukumani waliokanda udongo na nyasi kabla ya kukandika nyumba walilijua jambo hilihili.

Jaribu mwenyewe kabla ya kutumia hela. Tengeneza vipande viwili kwenye kibao, kimoja zege tupu, kingine lenye nyuzi, uvimwagilie wiki mbili, kisha uvigonge na nyundo katikati. Kile kitupu kinaachana vipande viwili na uso wa mkato unakuwa safi. Cha nyuzi kinapasuka pia, lakini hakianguki. Ukikiinua utaona vinywele vyeupe vimevuka ufa, na ukivuta kwa mikono miwili unasikia vinachanika taratibu.

Kwa jamvi la kuanikia, lakini, faida kubwa iko kwenye saa chache za mwanzo. Mnamwaga asubuhi, jua linapanda, mchana upepo wa ziwani unaanza kuvuma. Maji ya juu yanakauka haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini, uso unasinyaa zege likiwa bado bichi, na jioni unakuta nyufa nyembamba zimetapakaa. Hapo mafundi husingizia saruji mbovu, wakati kilichofanya kazi ni upepo. Nyuzi fupi za polipropilini, ile plastiki ya nyuzi za dukani, milimita 12 hadi 19, zinazuia sehemu kubwa ya nyufa hizo, kwa sababu katika kilo moja kuna mamilioni ya nyuzi na zimeenea kila mahali. Hazichukui nafasi ya kumwagilia. Funika jamvi kwa turubai au magunia mabichi jioni ileile, na ulimwagilie siku 7 bila kukosa. Mtu aliye hatua chache kutoka ziwani hana sababu ya kuacha jamvi likauke.

Kipimo: gramu 900 hivi kwa mita moja ya ujazo. Zege la moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula mifuko 6 au zaidi kidogo ya kilo 50 kwa mita hiyo, kwa hiyo weka kama gramu 150 kwa kila mfuko. Jamvi lako likiwa na unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 6, yaani kilo 5 na nusu za nyuzi. Kama mnachanganya kwa koleo, zinyunyize kidogo kidogo kwenye mchanga na saruji vikiwa vikavu, kwa maana zikitupwa kwa mkupuo zinafanya mabonge. Na simama hapo wewe mwenyewe. Nyuzi hufanya zege lionekane kavu, na kibarua hukimbilia ndoo ya maji. Maji hayo ya ziada yataharibu zaidi ya nyuzi zote ulizonunua. Kata pia mistari ya kugawa jamvi kila mita 2 na nusu hadi 3, kina cha sentimita 2 na nusu, ili likitaka kupasuka lipasukie humo.

Chupa za maji achana nazo. Vipande vyake ni bapa na laini, saruji haivishiki, hivyo vinakaa kama matundu ndani ya zege. Isitoshe, plastiki ya aina hiyo huliwa pole pole na ule ukali wa saruji unaochuna mikono ya vibarua. Polipropilini haiguswi na ukali huo.

Nyavu ziko katikati. Nailoni nayo inavumilia saruji kuliko chupa, lakini nyavu zinazotoka Mwaloni, kwenye soko la samaki, zina mafuta ya samaki na utelezi, na uzi wenye mafuta hauwezi kushika. Zinahitaji kufuliwa kwa sabuni na kukatwa kwa urefu unaolingana, sentimita 3 hadi 5, mafundo yote yatolewe. Kwa njia ya kupita kuku ningejaribu. Kwa jamvi la biashara, nunua nyuzi za dukani.

Sasa nondo. Jamvi linalokaa juu ya mawe yaliyoshindiliwa vizuri, linalokanyagwa na watu na kuanikwa dagaa, linaweza kwenda na nyuzi tu. Kirikuu, gari dogo la mizigo, ikianza kupanda kupakia magunia, weka BRC, ule wavu wa chuma. Ila linta, boriti, slabu ya ghorofa na mfuniko wa karo la maji taka, hapo asikudanganye mtu, ni nondo tu: plastiki inavutika mno kabla haijashika mzigo, na chini ya mfuniko huo kuna shimo ambalo mtoto anaweza kutumbukia.

Jambo la mwisho: baada ya kusawazisha, vinywele vingine hubaki vimejitokeza juu. Kwenye ghala vinasagika vyenyewe, lakini wewe unaanika chakula, na maji ya kuoshea yanarudi ziwani. Piga niru safi, yaani uji wa saruji, isiyo na nyuzi juu yake zege likiwa bado bichi, na ukiona unywele umetokeza baada ya kukauka, uchome kwa moto wa gesi kabla hujamwaga dagaa wa kwanza.

Weka hapa picha ya eneo, na useme ardhi ni mchanga au mfinyanzi, nikupigie hesabu ya mawe na kokoto.