Fito za kabaidi za pikipiki ya theluji: usianze na urefu

Msimu wangu wa kwanza wa kuendesha pikipiki ya theluji niliumaliza mabega yakiniuma. Kila nilipoingia kwenye njia iliyokwisha kupitwa na wengi, ski, zile mbao mbili za mbele zinazoteleza, zilijiendea zitakako. Naelekeza usukani kulia, pua inavutwa kushoto, halafu inarudi kulia kwa kishindo, nami nimeng'ang'ania kwa mikono yote miwili kama mtu anayevutana kamba na ndama. Nilidhani ndivyo kuendesha kwenyewe kulivyo. Sivyo. Kama na wewe unateseka hivyo, naomba usome hadi mwisho kabla hujatoa pesa yako.

Tuanze na chenyewe. Chini ya kila ski kuna mkuku, kama ule wa mashua, na chini ya mkuku kumefungwa ufito wa chuma. Ufito huo ndio unaogusa barafu. Katikati yake, kwenye mfereji mwembamba, kumechomelewa kipande cha kabaidi ya tungsteni, rangi ya kijivu, chenye ukingo mkali. Chuma peke yake kinalika upesi na kuwa mviringo, na kikishakuwa mviringo kinateleza. Kabaidi inabaki na makali muda mrefu. Wajerumani walipoanza kuiuza katika miaka ya 1920 waliiita Widia, kifupi cha maneno yenye maana ya "kama almasi". Ni jina la haki, ila kumbuka kwamba kitu kigumu hivyo pia huvunjika kama kigae kikigongwa. Nitalirudia hilo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kabaidi ndefu ndiyo bora. Fito za kawaida huuzwa zikiwa na kabaidi ya inchi 4, 6, 8 au 10. Nikanunua za inchi 10, tena zenye makali ya nyuzi 60, nikazifunga kwenye pikipiki ambayo mkanda wake wa nyuma, ule unaoisukuma, haukuwa na njumu hata moja, yaani miiba ya kuuma barafu. Kona ya kwanza iliyoganda, pua iliitika papo hapo. Nikafurahi. Kisha nikahisi kiti kinanikimbia: mkanda ulikuwa umeteleza kwa pembeni, na nilipokuja kusimama nilikuwa natazama nilikotoka. Bahati njema nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fito hazichaguliwi peke yake. Mbele na nyuma lazima vishike barafu kwa kadiri inayolingana. Ski zikishika kuliko mkanda, mkia utakupita kwenye kona. Mkanda wenye njumu nyingi ukishika kuliko ski, wewe utageuza usukani nayo pikipiki itaendelea kwenda mbele moja kwa moja, jambo ambalo mimi naliona la hatari zaidi, maana mbele yako huwa kuna mti. Kwa hiyo swali la kwanza si "nichukue inchi ngapi?" bali "mkanda wangu una nini?" Kwa mkanda usio na njumu, mimi sasa nakaa kwenye inchi 4 hadi 6. Ukiweka njumu, ndipo upande hadi 8 au 10, ukiongeza kabaidi kadiri unavyoongeza njumu. Na kama muda wako mwingi ni kwenye theluji laini ya kina, usijisumbue sana: huko umbo la ski na kimo cha mkuku ndivyo vinavyogeuza pikipiki, kabaidi haifikii kitu cha kuuma.

Pembe ya makali nayo ina neno lake. Nyuzi 60 inauma vizuri kwenye barafu tupu lakini inachoka mapema, hasa ukikutana na changarawe. Nyuzi 90 ni butu kidogo, inavumilia zaidi. Njia zangu zina mawe mwanzoni na mwishoni mwa msimu, kwa hiyo nimehamia 90 na sijajuta.

Sasa lile la kuvutwa. Mifereji iliyochimbwa na ski za waliotangulia huganda usiku, na asubuhi ufito wako mmoja mwembamba unatumbukia humo humo kama gurudumu kwenye reli. Kadiri makali yanavyokuwa marefu na yenye kina, ndivyo yanavyoshikwa na mfereji. Ndiyo maana zile fito zangu za inchi 10 ziliongeza tatizo badala ya kulipunguza! Dawa iliyonisaidia ni fito pacha: kila ski inakuwa na mistari miwili ya kabaidi, sambamba, iliyoachana kidogo. Mmoja ukielekea kuingia mferejini, mwenzake bado unauma kando. Siku ya kwanza nilipozijaribu niliendesha sehemu ndefu ya njia iliyonyooka nikiwa nimelegeza vidole kwenye usukani, na mabega yangu yakawa yananishukuru. Hakikisha tu zimetengenezwa kwa ajili ya ski yako, maana mikuku hailingani upana wala matundu ya bolti hayalingani nafasi.

Lakini kabla ya fito pacha, kuna kazi ya nusu saa ambayo ningetamani mtu angenishika mkono akanionyesha mapema. Inua pua ya pikipiki, shika ncha ya ski, itikise kushoto na kulia. Ikicheza huku usukani umetulia, bushi au viungo vya usukani vimelika, na hakuna ufito utakaotibu hilo. Angalia pia ule mpira uliokaa kati ya ski na mguu wake. Wa kwangu ulikuwa umebonyea upande mmoja, ski ikawa inakaa vibaya bila mimi kujua. Kisha ishushe, nyoosha usukani, funga kamba ya mpira kuunganisha ncha za ski mbili ili kulegea kwote kuondoke, na upime umbali kati ya ufito na ufito, mbele halafu nyuma. Mbele panatakiwa pawe wazi kidogo kuliko nyuma, kwa kawaida milimita 3 hadi 6 kwa jumla, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Za kwangu zilikuwa zimefumbia ndani kama miguu ya mtoto anayeona haya. Nilipozirekebisha, nusu ya kuvutwa ilikwisha hata kabla sijabadilisha chochote.

Kujua ufito umechoka hakuhitaji kipimo. Lala kwenye theluji, pitisha ukucha juu ya ukingo wa kabaidi. Mpya itakwangua ukucha na kuacha unga mweupe. Iliyochoka inateleza, na ukiimulika inang'aa kama kijiko. Ukikuta pengo, mahali kabaidi imemeguka kama jino, badilisha zote mbili pamoja, maana ski moja yenye makali na nyingine butu hupinda kona kwa namna mbili tofauti. Na usingoje ufito wenyewe uishe: ukiisha, kinachoanza kulika ni mkuku, na ski mpya ni ghali kuliko fito mara nyingi. Kunoa kabaidi kwa tupa ya kawaida ni kujichosha, tupa ndiyo itakayolika.

Adui mkubwa wa kabaidi ni lami. Ukivuka barabara, vuka moja kwa moja, polepole, bila kugeuza usukani ukiwa juu yake. Msuguano unaipasha kabaidi moto na kudhoofisha mahali ilipochomelewa, kisha kabaidi inaingia tena kwenye theluji ikiwa hivyo hivyo, na ndipo inapopasuka. Kupakia kwenye trela nako huua fito kimya kimya. Weka vipande vya plastiki ngumu vya kupandishia, na usiburute pua pembeni kwenye sakafu ya zege.

Siku ya kufunga mpya, tumia nati mpya zenye kujikaza, kaza kwa kupokezana mbele na nyuma, na hakikisha ufito umelala kwenye mkuku bila nafasi. Ukishaendesha mara ya kwanza, ski zikiwa bado zina theluji, zirudie nati kwa spana. Za kwangu hukubali robo mzunguko karibu kila mara.