Dada mkubwa ana PCOS: je, mdogo wake ataurithi?

SWALI: Binti yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 23, alikaa miezi minne bila kupata hedhi, na kila baada ya siku mbili tatu akawa anajifungia chumbani na kibano kung'oa nywele za kidevuni. Hospitali walimpima homoni, wakampiga altrasaundi, wakasema ana PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi. Wifi yangu anadai maradhi hayo yametoka upande wetu, kwa kuwa mdogo wangu naye alihangaika miaka mingi kabla ya kushika mimba. Binti yangu wa pili ana miaka 14, alivunja ungo mwaka juzi, na hedhi yake haijatulia. Je, naye ataurithi? Nimesikia kuna kipimo cha vinasaba, nimpeleke?
Mama wa mabinti wawili, Tanga

JIBU: Mama, nianze na picha ile ya altrasaundi, kwa maana nahisi ndiyo iliyowatia hofu. Vidoa vyeusi vinavyojipanga pembezoni mwa ovari, kama shanga zilizotungwa, si uvimbe wala saratani, ingawa wengi huviita uvimbe. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani, na mwanamke asiye na tatizo lolote anaweza kuwa navyo. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Rotterdam mwaka 2003 walikubaliana kwamba mtu mzima ahesabiwe kuwa na PCOS pale tu anapokuwa na mambo mawili kati ya matatu, ambayo ni mayai kutopevuka kwa mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari kuwa na vifuko vingi, tena baada ya daktari kuhakikisha kwamba hakuna maradhi mengine yanayoleta dalili hizohizo. Binti yako, kwa hedhi iliyopotea na nywele za kidevuni, alikuwa na sababu ya kutosha hata kabla ya picha.

Kuhusu urithi, wifi yako ana nusu ya ukweli. Utafiti wa mapacha uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, hukaribiana zaidi katika hali hii kuliko mapacha wasiofanana au dada wa kawaida, na watafiti wakakadiria kwamba takribani asilimia 70 ya tofauti iliyopo baina ya mwanamke na mwanamke inatokana na urithi. Namba hiyo husomwa vibaya mara nyingi, kwani inaeleza tofauti zilizomo katika kundi zima la watu, wala haisemi kwamba binti yako mdogo ana uwezekano wa asilimia 70. Kilicho karibu zaidi na swali lako ni uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1998, ambao ulikuta kwamba kati ya kila dada 100 wa wanawake wenye PCOS, 22 walikuwa nayo pia, na wengine wapatao 24 walikuwa na homoni za kiume nyingi lakini hedhi yao ikienda sawa. Hatari yake, basi, imepanda kuliko ya msichana mwingine, lakini zaidi ya nusu ya dada hao hawakuwa na lolote.

Nusu nyingine ya maneno ya wifi haina msingi. Vinasaba hivyo hupitia kwa baba kama vinavyopitia kwa mama. Mwanamume hana ovari za kuonyesha dalili, lakini wanaume waliobeba vingi vya aina hiyo wameonekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari, unene na upara. Kabla ya ukoo wenu kubebeshwa lawama peke yake, ni haki kuuliza pia habari za kaka zake wifi.

Wala hakuna kinasaba kimoja cha PCOS. Mwaka 2011 watafiti wa China walitangaza sehemu tatu zinazohusika kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, na mwaka 2018 uchambuzi wa wanawake 10,074 wenye PCOS na 103,164 wasio nayo, wote wenye asili ya Ulaya, ulifikisha sehemu 14. Mojawapo ina kinasaba kiitwacho DENND1A, ambacho aina yake moja ikifanya kazi kupita kiasi huzifanya seli za ovari zitengeneze homoni za kiume kwa wingi. Mwili usipoitikia vyema insulini, homoni inayodhibiti sukari, insulini hupanda na kuzichochea seli hizohizo, na yai linashindwa kupevuka. Kila tofauti ya kinasaba huongeza hatari kidogo mno, na zote zilizokwisha kujulikana zinaeleza sehemu ndogo tu ya urithi wenyewe. Kwa kuwa tafiti kubwa zimefanyika zaidi kwa Wazungu na Wachina, kipimo unachokisikia hakiwezi kukupa jibu la kutegemewa kuhusu msichana wa Tanga. Usimpeleke.

Fedha hiyo mpimie dada yake sukari na presha, maana PCOS huongeza hatari ya kisukari hata kwa mwembamba, na asipopata hedhi miezi mitatu arudi kwa daktari, ili ngozi ya ndani ya mji wa mimba isizidi kuwa nene. Kuhusu uzazi, wengi wenye hali hii hupata watoto, baadhi yao kwa msaada wa vidonge vya kupevusha yai.

Kwa mdogo, daftari linatosha kwa sasa: aandike tarehe ya kwanza ya kila hedhi. Katika miaka mitatu ya mwanzo mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Ukivuka hapo, au baada ya miaka hiyo ukizidi siku 35, hasa pakiwa na chunusi kali au nywele za kidevuni, aonwe na daktari. Altrasaundi isubiri, kwani haitumiki kutambua PCOS kwa msichana ambaye hajatimiza miaka minane tangu avunje ungo: ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida, nawe ungerudi nyumbani na picha nyingine ya shanga na hofu ya bure.