Shangazi, sambusa zangu zimekataliwa sinagogi

*Shangazi shikamoo. Mimi Mkenya niko Maryland, nafanya kazi ya kulea wazee. Nina bibi mmoja Myahudi, miaka 88, yuko kwa wilchea, na kila Jumamosi asubuhi namwendesha mpaka sinagogi namngoja wamalize. Mwanzo nilikuwa nangoja kwa gari, siku moja mama mmoja akaja kugonga kioo akaniuliza kwani wewe huskii njaa, ndio nikaanza kuingia. Shangazi niliyoyaona humo! Kijana mwenye usonji ndiye anagawa vitabu mlangoni, kuna mtu wa lugha ya alama, bibi yangu anapandishwa hadi jukwaani na wilchea yake, wakimaliza kuna meza ya chakula wanaita kidushi, watu wanakaa lisaa lizima wanapiga story na hakuna anayekimbilia gari. Sasa wiki jana nikaona nisiende mikono mitupu, nikaamka saa kumi usiku nikapika sambusa za nyama hamsini. Mama wa jikoni akaziangalia, akanishika mkono, akasema asante sana ila hizi haziwezi kuingia. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimekosea wapi? Na lingine, kanisa letu la Waswahili huku tunakodi ukumbi Jumapili mchana, kuna familia mbili zina watoto wenye ulemavu na zote zimeacha kuja, na pasta kila wiki anatangaza wote mnakaribishwa. Hawa wenzetu wanafanyaje?*
*Mlezi wa Bibi, Maryland*

Marahaba mwanangu. Hamsini! Nimecheka mpaka machozi halafu nikakuonea huruma, maana najua kukunja sambusa saa kumi usiku na zamu inakungoja.

Hujakosea kitu na hazikukataliwa kwa sababu yako. Jiko la sinagogi linafuata sheria za kosha. Nyama lazima iwe ya mnyama anayeruhusiwa, achinjwe na mchinjaji wao kwa utaratibu wao, ipikwe kwenye vyombo ambavyo havijagusa chakula kisicho cha kosha, halafu nyama na maziwa havikai meza moja. Sasa meza ya kidushi mara nyingi ina jibini na samaki, ukiweka sambusa ya nyama pale hata ingekuwa ya kosha bado ni balaa. Sehemu nyingi hata muumini mwenyewe haruhusiwi kuleta sufuria kutoka kwake, kwa hiyo yule mama hakukutenga, huo ndio utaratibu.

Mimi nilibeba boksi New Jersey miaka kadhaa, nikilea mzee wa Kiyahudi, na nilifanya kosa hilohilo kwa mandazi. Mama wa jiko akaniambia njoo Alhamisi. Nikaenda, nikakuta unga wao, mafuta yao, karai lao, yeye akawasha jiko kwa mkono wake, mimi nikadhani anaogopa nitawaunguzia nyumba, kumbe ndio taratibu zao, moto wa kupikia unatakiwa uwashwe na Myahudi, akishawasha wewe endelea. Nikakanda kwa tui la nazi. Hapo ndipo yule mama alipofurahi kweli, kwa sababu tui sio maziwa kwa hesabu zao, linakwenda na meza ya nyama na meza ya jibini pia. Jumamosi yake yale mandazi yaliisha kabla ya samaki, na wale wazee kwa samaki wa kuloweka usiwaambie kitu. Kwa hiyo mtafute katikati ya wiki umwambie unataka kupika pamoja naye. Ukikosa nafasi peleka matunda mazima ambayo hayajakatwa, ila muulize kwanza. Na wewe kwenye kidushi kula bila wasiwasi, umekaribishwa. Simu tu usiitoe hata kwa picha moja, na siku ya Sabato usitoe hela.

Sasa hilo la kanisa ndilo lililonifanya niitangulize barua yako.

Usidhani hao Wayahudi walizaliwa hivyo. Mwaka 1918 New York, Manhattan, walijenga jengo linaitwa Jewish Center, rabi wao Mordecai Kaplan alitaka sinagogi isiwe ya kusali tu, mtu aje kucheza, kusoma, kula, kuogelea, na kweli wakaweka mpaka bwawa ndani. Watu wakacheka sana, sinagogi yenye swimingi! Lakini wazo likasambaa. Baadaye wakagundua tatizo jingine, jengo likishakuwa kubwa mtu anapotea ndani yake kama yuko stendi ya basi. Ndio miaka ya 60 mwishoni vijana wakaanza vikundi vidogo wanaviita havura, cha Somerville kule Massachusetts kilianza 1968, na kwenye miaka ya 70 rabi Harold Schulweis wa Encino, California akaviingiza ndani ya sinagogi yake, familia kama kumi hivi zinakutana majumbani, zinakula, zinalea watoto pamoja, zinazikana. Wakatoliki mnaonisoma mshaanza kutabasamu, si ndio jumuiya ndogo ndogo hizo? Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki wa AMECEA walizipitisha kama kipaumbele 1976. Watu wawili mbalimbali wameumwa ugonjwa mmoja wakachuma dawa inayofanana.

Kuhusu walemavu, sheria ya Marekani ya 1990 inayolazimisha majengo yawe na njia za wilchea haizibani nyumba za ibada. Kwa hiyo hiyo ramp ya bibi yako kuna watu walikaa kikao wakagombana kuhusu hela yake, hakuna polisi aliyewalazimisha. Na tangu 2009 Wayahudi wa Marekani wametenga Februari nzima kuwa mwezi wa kuzungumzia ulemavu. Andiko lao pasta wako analo pia, Walawi 19:14, usimlaani kiziwi wala usitie kwazo mbele ya kipofu. Ngazi ni kwazo, mwambie.

Ila nikuambie kilichonigusa mimi. Kuna sala Wayahudi hawawezi kusema mpaka wawe watu wazima kumi. Waorthodox, yaani Wayahudi wanaoshika sana sheria za zamani, wanahesabu wanaume tu, wengine wanahesabu na wanawake. Ukiwa tisa, hata wote mkiwa maprofesa, hamtoshi. Mojawapo ni kadishi, ile sala ya mtu aliyefiwa. Sasa mzee wangu alikuwa miguu imeisha, kifungo cha shati namfungia mimi, kijiko namshikia mimi, amekaa dirishani siku nzima kama mzigo unaongoja lori. Asubuhi moja ya baridi, katikati ya wiki, saa kumi na mbili na nusu simu inalia, wanasema tuko tisa, kuna mtu leo anamkumbuka mama yake aliyekufa na hawezi kusema kadishi, mzee anaweza kuja? Mwanangu, yule mzee alinipa amri kama bosi. Soksi! Kofia! Haraka! Nikamsukuma kwenye theluji, tukaingia, wale tisa wakasimama, na yule jamaa aliyefiwa akamshika mzee mkono akashindwa kuongea. Mzee hakufanya chochote pale zaidi ya kuwepo na kuitikia amina. Aliisimulia asubuhi ile mpaka Pasaka yao.

Ndio maana huyo kijana wa usonji anagawa vitabu. Hajakaribishwa tu, anahitajika, asipokuja kuna kazi haijafanyika. "Wote mnakaribishwa" ni tangazo la harusi ya mtu usiyemjua. Kwa hiyo wale wazazi wawili msiwatumie meseji ya karibuni tena, nendeni nyumbani mkawaulize nini kiliwachosha. Naweza kubahatisha, spika ziko juu mtoto anaziba masikio, ibada masaa manne, choo hakiingizi wilchea, na mama fulani aligeuka akamwangalia mtoto vibaya, hilo la mwisho ndilo limefukuza wengi kuliko ngazi. Punguzeni sauti, tengeni chumba cha kupumzikia, halafu mpeni mtoto kazi ya kweli, sio ya kumpigia makofi. Kupanga viti ni kazi, na kugonga kengele pia.

Nisikudanganye lakini, hata huko sio peponi. Ada za mwaka za uanachama zinawauma watu, sehemu nyingine waliobaki ni wazee watupu, na mlangoni utakaguliwa, maana tangu mtu mwenye bunduki awaue waumini 11 ndani ya sinagogi kule Pittsburgh tarehe 27 Oktoba 2018 walinzi wameongezeka sana, na mweusi mgeni anaweza kuulizwa maswali zaidi ya mwenzake. Mimi niliulizwa, tena na mlinzi mweusi mwenzangu. Mzee wangu alimfokea mpaka nikamwonea huruma mlinzi.

*Shangazi, eti Wayahudi nusura wapewe Eldoret? Na huku kwetu kuna sinagogi mtu wa kawaida anaweza kuingia akaona?*
*Mdadisi, Kitale*

Ni kweli kabisa. 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Chamberlain, aliwapa ofa ya ardhi upande wa Uasin Gishu, wakatuma watu kukagua, na 1905 mkutano wao ukakataa. Bila kuwauliza Wanandi, bila shaka. Watu huiita mpango wa Uganda japo ardhi iko Kenya.

Nairobi jumuiya yao ipo tangu 1904, jengo liko pale University Way na Uhuru Highway, ukipita utaliona. Usiende tu ukabisha, andika kwanza, beba kitambulisho. Ila ukitaka kuona jumuiya inavyojengwa vuka mpaka uende Mbale. Kule wako Abayudaya, Waganda waliofuata dini hiyo tangu kamanda wa Kiganda Semei Kakungulu alipoamua 1919, Amin akawapiga marufuku, wengi wakaacha, waliobaki wakasali kwa siri. Rabi wao Gershom Sizomu alihitimu Los Angeles 2008 na baadaye akachaguliwa hadi mbunge. Ninachokipenda mimi ni kahawa. Mwaka 2004 wakulima wa huko, Wayahudi, Waislamu na Wakristo, walianzisha ushirika mmoja wa kuuza kahawa nje, wakauita Mirembe Kawomera, amani tamu. Kila mtu anaswali kwake, mbuni wanapima mzani mmoja.

*Shangazi, bosi wangu Myahudi amefiwa na baba yake, wafanyakazi tunataka kwenda kumpa pole. Tunachangaje, na maua tununue ya shilingi ngapi?*
*Anayetaka kujua, Toronto*

Maua msinunue kabisa, sio desturi yao. Wanakaa matanga siku saba, wafiwa wanakaa kwenye viti vifupi na watu ndio wanawaletea chakula, kwa hiyo huo mchango wenu agizeni chakula kwenye duka la kosha mkipeleke. Mkifika msianze kuongea, kaeni kimya mpaka mfiwa aanze mwenyewe. Na msipige hodi, mlango huwa hawaufungi, sukumeni muingie.