Mwaridi Umejaa Paani, Maua Hakuna: Maswali ya Wasomaji wa Tabora na Kigoma

Mvua zikikaribia, maswali ya miwaridi ya kutambaa huwa mengi. Nazungumzia ile ya kizamani, yenye matawi marefu na maua madogo madogo ya vishada, si ile mifupi ya kukata na kuweka kwenye chombo. Nimejibu haya machache.

Shikamoo. Niko Ipuli, Tabora. Nina mwaridi wa kutambaa nilioukuta kwenye nyumba tuliyonunua. Umepanda hadi juu ya bati, majani tele, lakini ua hata moja sijaliona. Kila mwaka kabla ya mvua naukata wote ubaki mfupi, uchipue vizuri. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Maua unayakata mwenyewe. Miwaridi mingi ya aina hii huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena kwenye matawi yaliyoota msimu uliopita. Ukishusha yote Oktoba, umetupa jalalani kila kilichokuwa kinajiandaa kuchanua, na mti unaanza upya kutengeneza majani.

Mwaka huu usikate kitu, isipokuwa tawi lililokauka. Ukichanua, subiri maua yaishe, ndipo uondoe matawi mawili matatu yaliyozeeka, yale yenye gamba la kijivu lililopasukapasuka, ukiyakata chini kabisa shinani. Machipukizi marefu ya kijani yanayotoka chini usiyaguse, ndiyo ya mwaka ujao.

Kisha yalaze. Tawi likisimama wima hutoa maua nchani tu, yaani juu ya bati, wafaidi kunguru. Ukilipinda taratibu likalala kwenye uzio, karibu kila jicho hutoa kitawi kifupi chenye kishada chake. Lipinde likiwa bado changa, maana likikomaa litakatika mkononi. Funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli au kamba ya katani, fundo liwe legelege kiasi cha kupitisha kidole.

Kuna na suala la baridi, na hapa sitakupa matumaini ya bure. Wazazi wa miwaridi hii wametoka China na Japani, halafu ikazalishwa Ulaya na Marekani: aina iitwayo Dorothy Perkins ilitoka Marekani mwaka 1901, na ile ya Albertine ikatoka Ufaransa mwaka 1921. Imezoea kupukutika na kulala miezi ya baridi kali. Tabora, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi yetu ya Juni na Julai ni ya sweta la alfajiri tu. Unachoweza kufanya ni kuupumzisha kwa kiu: punguza maji miezi hiyo miwili, acha majani mengine yapukutike, halafu Agosti uupe samadi iliyooza na maji ya kutosha. Nchini India huinyima miwaridi maji kwa makusudi kwa sababu hiyohiyo. Utachanua, ila usitegemee ufunike ukuta mzima kama kwenye picha.

Mimi niko Mwanga, Kigoma mjini. Nataka hiyo hiyo Dorothy Perkins ipambe geti. Nitaipata wapi?

Ndugu yangu, achana nayo. Hata huko inakoshamiri inajulikana kwa ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokunja majani. Kando ya ziwa, kwa joto lile, utakuwa unafuga ugonjwa getini.

Tafuta waridi la kupanda la jamii ya chai (kwa Kiingereza Tea, si majani ya chai ya kunywa) au nuazeti (Noisette). Hayo hayadai baridi, na huchanua tena na tena. Mfano ni Maréchal Niel, la njano, lililotolewa Ufaransa mwaka 1864, na Waingereza walilazimika kulitunza ndani ya nyumba za vioo kwa sababu baridi yao ililishinda. Kwa jina, vitaluni kwetu huenda wasikuelewe. Pita mitaa ya zamani na kwenye viwanja vya misheni, ukiona linalopanda ukuta na kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, bisha hodi uombe kipandikizi. Lilishalizoea joto, na hiyo ni sifa kubwa kuliko jina.

Kasulu. Waridi langu lilikuwa jekundu. Sasa linatoa maua meupe madogo yenye petali tano, na matawi yamekuwa membamba. Jirani anasema udongo umelibadilisha.

Udongo hauna kosa. Mwaridi wako ulibebeshwa juu ya shina la mwaridi mwitu, na huo wa chini umeota ukaumeza wa juu. Fukua kidogo shinani utafute pale palipounganishwa, penye nundu. Chochote kinachotoka chini ya nundu king'oe kwa kukivuta, usikikate, kwa sababu ukikikata kitarudi na wenzake. Kama juu ya nundu hakuna tena tawi lililo hai, pole, jekundu limekwisha.

Basi vipandikizi vinapandwaje? (Wengi)

Subiri mvua zishike, Novemba au Desemba. Chagua tawi lililochanua karibuni, unene wa penseli, ukate urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya jicho. Acha majani mawili juu, mengine toa. Chomeka nusu yake kwenye kiroba chenye mchanga na udongo wa msituni, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Usivute kila siku kuangalia mizizi! Vingine vitaoza, kwa hiyo chomeka vingi. Mwaridi uliotokana na kipandikizi hauna shina la kigeni chini, na yale ya msomaji wa Kasulu hayatakupata.

Urambo. Mchwa wamemaliza nguzo za kichanja, mwaridi umelala chini.

Tumia bomba la chuma, au nguzo ya zege. Matandazo ya majani makavu ni mazuri kiangazi, lakini yasiguse shina, acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka.

Nafuga nyuki Sikonge. Miwaridi itawasaidia?

Kwa chavua, ndiyo, kama ua ni la wazi lenye petali tano, kama American Pillar. Yale yaliyojaa petali hadi katikati, nyuki anazunguka tu bila kupata kitu. Asali usiitegemee huko, miwaridi haina nekta ya maana. Asali ya Tabora ni ya miombo.

Mama mkwe anasema mmea wa kutambaa ukutani huleta nyoka, niung'oe. Nimjibu nini?

Usimbishie, ana hoja. Nyoka hafuati waridi, anafuata panya, na panya hupenda kichaka kilichogusa ardhi. Ondoa matawi na majani yote chini ya usawa wa goti, fagia shinani, usirundike matofali wala kuni pale. Kisha mwite mama aangalie mwenyewe.