Maswali ya Wasomaji: Gofu, Soko, Senema na Ibada

Barua tatu za toleo hili zimetoka pande tofauti za Mombasa, na zote zinahusu Jumamosi na Jumapili. Ya kwanza ndiyo ndefu, na jibu lake pia limerefuka.

SWALI: Mhariri, salamu. Ninaishi Bamburi na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 14 na 9. Tangu wenzake wa kazini wamfundishe gofu, Jumamosi yetu imepotea. Huondoka saa moja asubuhi na kurudi saa tisa akiwa hoi, hata kikapu cha soko hawezi kukipokea mlangoni. Mimi huenda soko la Kongowea peke yangu, watoto wanadai senema tuliyowaahidi tangu Pasaka, na Jumapili ibada ikiisha yeye hubaki kanisani kwa chemsha bongo ya michezo ya akina baba. Sitaki kumkataza mchezo wake. Ninachouliza ni kama upo mpango wa wikendi utakaotutosha sote.
Mama Wawili, Bamburi

JIBU: Dada yangu, nimefurahi kwamba hukuniomba nimseme mumeo, maana barua za namna hiyo ninazo kabati zima. Tuanze na gofu, kwa kuwa ndiyo inayokula saa nyingi. Mchezo kamili ni wa mashimo 18, na watu wanne wakicheza pamoja kwa mwendo wa kawaida huchukua saa nne au zaidi kidogo. Anayeanza saa moja na kitu, basi, anapaswa kuwa ameweka fimbo zake chini kabla au punde baada ya adhuhuri. Saa zinazobaki huishia kwenye kile ambacho wachezaji wenyewe hukiita shimo la kumi na tisa, yaani baraza la vinywaji, ambako mipira iliyopotelea vichakani huchezwa upya kwa mdomo na safari hii huingia yote.

Ninachokishauri si kumkata mchezo bali kuugawa. Kiwanja cha Mombasa Golf Club, kile cha kandokando ya bahari kwenye barabara ya Mama Ngina, kina mashimo 9 tu, na anayetaka 18 hukizunguka mara mbili. Cha Nyali kina 18, lakini hakuna sheria ya gofu inayomlazimisha mtu kuyamaliza yote, na mashimo tisa ni mchezo unaotambuliwa. Akianza saa kumi na mbili na nusu, umande ungali kwenye majani na jua halijawa kali, saa tatu atakuwa amemaliza na bado ana nguvu. Wewe wakati huo uko Kongowea, ambako mnunuzi mwenye akili hufika mapema kabla mboga hazijachaguliwa na kubaki zilizosinyaa. Mwambie akukute sokoni, asikukute nyumbani. Tofauti hiyo ni ndogo ukiisema, lakini mwanamume aliyebeba nazi kumi na gunia la viazi kutoka ndani ya Kongowea hadi kwenye gari hana haja ya kuhadithiwa jinsi ununuzi unavyochosha.

Senema iwekeni Jumamosi hiyo hiyo, alasiri, kwenye onyesho la mapema. Onyesho la usiku litawafikisha kitandani saa sita, na Jumapili mtapiga miayo kwenye viti vya kanisa mbele ya mchungaji. Kabla hamjalipa, tazameni alama ya umri. Bodi inayoainisha filamu hapa Kenya hutumia alama nne: GE ni ya watu wote, PG humtaka mzazi awe mwangalifu, halafu kuna 16 na 18. Huyo wako wa miaka 14 atakwambia kwamba 16 ni sawa na “karibu 16”, na kwamba wenzake wote wameshaiona. Si sawa, na huyo wa miaka tisa atakayeketi kando yake ndiye atakayelipia. Mimi niliwahi kulegea namna hiyo. Mwanangu alitoka ukumbini kabla ya nusu ya filamu, bisi zake zote zimemwagika sakafuni, na kwa wiki mbili alilala taa ikiwaka.

Ibada haisogei, kwa hiyo sina la kusema juu yake. Chemsha bongo nayo isikuudhi: mpe mumeo yule mkubwa aende naye, kwa kuwa mtoto wa umri huo hukariri majina ya wachezaji kuliko baba yake, na wewe utabaki na mmoja tu wa kushughulikia. Na kama mna wakwe wa kutembelea Likoni, msiende Jumapili jioni, saa ambazo kila aliyekwenda pwani ya kusini yumo kwenye foleni ya feri akirudi.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Ganjoni. Katika chemsha bongo ya kanisa letu tuliulizwa ni uwanja gani wa Mombasa uliowahi kufanyiwa mashindano ya dunia ya riadha. Nikajibu kuwa ni kiwanja cha gofu. Watu wakacheka, na msimamizi akanikata alama mbili. Baadaye akauliza nani aliiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki; nikasema Kipchoge Keino, akanikata tena. Je, amenionea?
Babu wa Ganjoni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Amekuonea au hakukuonea, tuhesabu: swali la kwanza umeonewa, la pili hukuonewa.

Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalifanyika tarehe 24 Machi 2007 kwenye kiwanja hicho hicho cha gofu cha Mama Ngina. Nilikuwapo, upande wa baharini, na shati lilikuwa limenigandama mgongoni kabla hata wanaume hawajapanga mstari, kwa sababu Machi kwetu ni joto na unyevu kwa pamoja. Joto hilo ndilo lililoandika historia ya siku ile. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alishindwa kuendelea katika mzunguko wa mwisho akajitoa, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi. Mrudie msimamizi wako na tarehe hiyo mkononi, umdai alama zako mbili.

Ama dhahabu ya kwanza, ni ya Naftali Temu, mbio za mita 10,000, Mexico 1968. Amos Biwott akaleta ya pili kwa mbio za kuruka viunzi na maji, na Keino akaleta ya tatu kwa mbio za mita 1,500 siku chache baadaye. Wengi huteleza hapo kwa kuwa jina la Keino ndilo lililobaki midomoni. Jihadhari pia na swali linalofanana nalo: wakiuliza medali ya kwanza, bila kutaja dhahabu, jibu ni Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, Tokyo 1964.

SWALI: Mimi ni kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji gofu. Jumamosi iliyopita mpira wa mteja wangu ulipotelea kwenye majani marefu, naye akashikilia kwamba sheria humpa dakika tano za kuutafuta. Mwenzake akasema ni tatu, wakagombana hadi kundi la nyuma likatufikia. Nani alikuwa na haki?
Kijana wa Tudor

JIBU: Mwenzake. Zilikuwa tano hadi mwisho wa 2018. Tangu Januari 2019 ni tatu, na zinaanza kuhesabiwa pale mchezaji au kedi wake anapoanza kutafuta, si pale mpira unapopotea. Kwa hiyo wewe mwenyewe ukitangulia mbio kwenye majani, umeshaiwasha saa ya mteja wako. Tembea naye.